Ukopeshanaji wa Mtandaoni na Dalali Asiyeonja Hasara

Katika mwezi wa Machi wa mwaka 2005 ilifunguliwa mjini London kampuni iitwayo Zopa, ambayo azma yake ilikuwa kumwezesha mtu mwenye akiba ndogo kumkopesha mtu mwingine mwenye haja, wote wawili wakiwa raia wa kawaida wasiojuana wala kuonana, kwa njia ya intaneti na bila ya benki kuingia kati yao. Dai lake lilikuwa jepesi kulifahamu, na kwa wepesi wake huo likawavutia wengi: benki humlipa mwenye akiba faida haba, humtoza mkopaji riba nzito, na tofauti iliyo baina ya hizo mbili huijengea majumba ya vioo na kuwalipia wakubwa wake mishahara, basi ukimwondoa huyo wa katikati, mwenye akiba atapata zaidi, mkopaji atalipa pungufu, na dalali aliyewakutanisha ataridhika na ujira mdogo wa udalali wake. Miaka 16 baadaye, mnamo Desemba 2021, Zopa hiyo hiyo iliufunga mlango wa ukopeshanaji, ikainunua mikopo iliyosalia mikononi mwa wateja wake, ikaendelea na kazi yake mpya, nayo ni kazi ya benki, ambayo leseni yake kamili ilikwisha kuipata mwaka 2020.

Habari hii ya Uingereza ingeweza kuachwa iwe ya Waingereza lau biashara yenyewe isingekuwa imekwisha kupiga hodi kwetu. Mwaka 2019 Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya Kenya iliiruhusu kampuni ya Pezesha kuijaribu kazi ya kuwakutanisha wafanyabiashara wadogo na wenye fedha za kukopesha, chini ya uangalizi wa Mamlaka hiyo; mwaka 2022 zikatoka kanuni za uchangishaji wa mitaji kwa njia ya mtandao; na huku Tanzania, ambako simu ya mkononi imekuwa ndiyo pochi na ndiyo daftari la akiba la mamilioni ya watu, si ajabu kuwasikia vijana wenye elimu ya kompyuta wakilizungumzia jukwaa litakalomwezesha mwalimu wa Iringa kumkopesha muuza samaki wa Tanga. Vijana hao siwalaumu, maana nia yao ni njema na haja wanayoiona ni ya kweli. Ninachotaka kukijibu ni kama biashara ya namna hiyo yaweza kudumu. Rai yangu ni kwamba haiwezi, maadamu dalali wake haonji hasara. Na ushahidi wa rai hiyo ninautoa katika nchi zilizotutangulia, ambako imejaribiwa kwa fedha nyingi, chini ya sheria mbalimbali, na kwa watu wenye akili zao.

Tuanze kwa kuitendea benki insafu, jambo lisilofanywa sana magazetini. Ile tofauti baina ya faida anayopewa mwenye akiba na riba anayotozwa mkopaji haiendi yote katika marumaru na viyoyozi. Sehemu yake hulipia kazi ya kumchunguza mkopaji kabla ya kupewa na kumfuatia baada ya kupewa. Sehemu nyingine hulipia ile huduma ya ajabu, ambayo kwa kuizoea hatuioni tena, ya kumruhusu mwenye amana aichukue fedha yake Jumatatu asubuhi ilhali fedha ile ile imekwisha kukopeshwa kwa miaka mitatu. Na sehemu iliyobaki, ambayo katika miaka mibaya ndiyo kubwa kuliko zote, huzikwa pamoja na madeni yasiyolipwa. Mkopaji akitoroka, wa kwanza kuumia ni mwenye benki na mtaji wake, na mwenye amana haguswi mpaka mtaji huo uishe, na hata ukiisha iko bima ya amana inayomfidia kwa kiwango kilichowekwa na sheria. Kwa hivyo meneja wa benki akimnyima mtu mkopo, na kwa hakika huwanyima wengi ambao wangestahili kupewa, humnyima kwa sababu anaogopa kwa niaba ya wenye mali. Hofu hiyo huudhi, lakini ina kazi yake.

Dalali wa mtandaoni alikuja akaichukua kazi ya kwanza, akaahidi kuifanya ya pili, na ile ya tatu akaiacha mlangoni. Mapato yake hayakutokana na mkopo kulipwa. Yalitokana na mkopo kutolewa. LendingClub ya Marekani, iliyoanza kazi mwaka 2007 na kuwa kubwa kuliko wenziwe wote wa nchi hiyo, ilimkata mkopaji ada ya kati ya 1% na 6% siku ile ile ya kupokea fedha, na baada ya hapo ikawa inachukua kiasi kidogo katika kila marejesho. Mtu akipewa ujira wake siku ya kwanza, na ujira huo ukaongezeka kwa kadiri idadi ya mikopo inavyoongezeka, si lazima awe mwovu ndipo macho yake yaanze kuwaona wakopaji wema pale wasipokuwapo. Hali yake ni kama ya mshenga alipwaye siku ya harusi: ndoa ikivunjika baada ya miezi mitatu, yeye ujira wake haurudishwi, na tayari yuko mtaa wa pili akiposa.

Wenye makampuni hayo hawakuwa wajinga, na kasoro hii waliiona mapema. Kampuni ya RateSetter, iliyoanza London mwaka 2010, ilibuni mfuko wa tahadhari: kila mkopaji alichangia kitu kidogo, na mkopaji mmoja akishindwa kulipa, aliyemkopesha alifidiwa kutoka mfukoni humo, hata kwa miaka mingi watu wakaja kuamini kwamba fedha yao haiwezi kupotea. Tazama basi ilivyokuwa. Waliokimbia benki walianza, hatua kwa hatua, kuijenga benki upya kwa jina jingine, ila benki hiyo mpya haikuwa na mtaji wa wenyewe wala bima ya serikali. Na ulipoingia ugonjwa wa korona mwaka 2020, na mfuko ukawa hatarini kupungukiwa, kampuni ilikata nusu ya faida ya wakopeshaji wote ili kuujaza. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule RateSetter iliuzwa kwa Metro Bank, na mwaka uliofuata wakopeshaji wake wakarudishiwa fedha zao. Hawakudhulumiwa, na hilo ni la kusifiwa. Lakini biashara yenyewe ilikufa, na mrithi wake alikuwa benki.

Funding Circle, iliyozaliwa mwaka 2010 kwa ajili ya kuyakopesha makampuni madogo, ilifika mbali zaidi, kwani mnamo Septemba 2018 hisa zake ziliuzwa katika soko la London kwa peni 440 kila moja. Haikupita miaka miwili zikawa zimepoteza zaidi ya nusu ya thamani hiyo, na mwezi wa Machi 2022 kampuni ikatangaza kwamba raia wa kawaida hatakopesha tena kupitia kwake, ila taasisi kubwa. Na hizo nilizozitaja ndizo zilizokufa kwa heshima. Lendy, iliyokopesha kwa rehani ya nyumba na viwanja, ilianguka Mei 2019 ikiwa na mikopo ya zaidi ya pauni milioni 150 isiyolipwa, na waliodhani kwamba rehani ni ngao wakaja kujua kwamba thamani ya rehani ni ile itakayotolewa na mnunuzi siku ya mnada, wala si ile iliyoandikwa na mthamini siku ya kukopa. Mwishoni mwa mwaka huo wasimamizi wa Uingereza wakaweka kanuni kwamba mgeni wa biashara hii asitie humo zaidi ya 10% ya mali yake ya kuwekeza. Kanuni ya namna hiyo huwekewa vitu ambavyo serikali haithubutu kuvikataza wala haitaki kuvidhamini.

Huko Marekani mkasa ulikuwa na sura nyingine, lakini tamati ilikuwa ile ile. LendingClub iliingia soko la hisa la New York mnamo Desemba 2014 kwa dola 15 kila hisa, na magazeti ya biashara yakaandika kana kwamba mabenki yamekwisha kuchimbiwa kaburi. Mei 2016 ikabainika kwamba mikopo ya dola milioni 22 iliuzwa kwa mnunuzi mmoja mkubwa kinyume cha masharti aliyoyataka, na kwamba katika baadhi ya mikopo hiyo tarehe za maombi zilibadilishwa. Muasisi wake, Renaud Laplanche, akajiuzulu, na hisa ikashuka chini ya dola 5. Mwisho wa mwaka 2020 kampuni ikafunga dirisha la wakopeshaji wadogo, na mwezi wa Februari 2021 ikakamilisha ununuzi wa Radius Bank. Nayo ikawa benki.

Lakini katika habari zote za Marekani iliyonifundisha zaidi ni ya Prosper, iliyofunguliwa mwaka 2006, kwa sababu Prosper ilijaribu kuleta ndani ya kompyuta kitu ambacho sisi tunakijua tangu utotoni. Iliwaruhusu wakopaji waungane katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake, kwa kutumaini kwamba mtu ataona haya kuwaaibisha wenziwe na atalipa. Hata hivyo viongozi wengi wa vikundi walipewa bakhshishi kila mkopo wa mwanakikundi ulipopata wakopeshaji, na matokeo yake hayahitaji mnajimu: watafiti waliokuja kuzichambua takwimu waligundua kwamba mikopo iliyosifiwa na viongozi wenye bakhshishi ilipata riba nafuu, kwa kuwa watu walidhani kiongozi anajua asemalo, kisha ikashindwa kulipwa kwa wingi zaidi. Mwaka 2007 Prosper iliifuta bakhshishi hiyo. Waliokopesha katika miaka hiyo ya mwanzo wengi wao waliambulia hasara. Prosper bado iko hai hadi leo, lakini fedha inayokopeshwa kwayo aghlabu ni ya taasisi kubwa, na yule raia wa kumkopesha raia mwenziwe amebaki kuwa mgeni wa pembeni katika nyumba iliyojengwa kwa jina lake.

Uchina ni habari ya peke yake. Huko biashara hii ilianza Shanghai mwaka 2007 kwa kampuni ya PPDai, ikapata ardhi yenye rutuba, kwa sababu mabenki ya serikali yalipenda kukopesha makampuni makubwa ya serikali, mfanyabiashara mdogo alikosa pa kukopa, na mwenye akiba alikosa pa kuiweka. Na kwa kuwa wakubwa waliiacha kwa muda bila ya sheria mahususi, majukwaa yakamea mpaka yakafikia kiasi cha 5,000 katika kilele chake. Mojawapo, Ezubao, lililoanzishwa mwaka 2014, lilikusanya zaidi ya yuani bilioni 50 kutoka kwa watu wapatao 900,000, likiwalipa wa jana kwa fedha za wa leo, ilhali wakopaji wake karibu wote walikuwa majina ya kutunga. Polisi walipoanza kuwafuatia wenye jukwaa hilo, mabuku ya hesabu yapatayo 1,200 yalitiwa katika mifuko zaidi ya 80 yakafukiwa mita 6 chini ya ardhi nje ya mji wa Hefei, na ilichukua saa 20 na mashine mbili za kuchimbua kuyatoa. Mkuu wake, Ding Ning, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2017.

Msomaji atasema: huyo alikuwa mwizi, na wizi haupimi biashara. Hoja hiyo ina nguvu, na Tanzania tuna kumbukumbu yetu ya mpango wa DECI wa mwaka 2009, ambamo watu walipanda fedha kama mbegu na kungojea mavuno, na hakuna aliyesema baadaye kwamba kwa sababu ya DECI basi vyama vyote vya akiba vifungwe. Lakini Uchina haikuishia kwa Ezubao. Katika kiangazi cha mwaka 2018 mamia ya majukwaa yalianguka mfululizo, mengine ya wezi na mengine ya watu waliokuwa wakifanya kazi halali, kwa kuwa wakopeshaji waliingiwa na hofu wote kwa pamoja, wakataka fedha zao siku moja, na fedha zile zilikuwa kwa wakopaji. Mnamo Agosti 2020 msimamizi mkuu wa mabenki wa nchi hiyo, Guo Shuqing, alisema kwamba zaidi ya yuani bilioni 800 zilikuwa bado hazijarudishwa kwa wenyewe. Na kufikia katikati ya Novemba mwaka huo jukwaa lililobaki likifanya kazi halikuwapo hata moja. PPDai yenyewe ilibadili jina, ikawaacha raia wadogo, ikaenda kutafuta fedha kwa mabenki. Nchi moja ikaanza na utupu, ikapanda mpaka 5,000, ikarejea kwenye utupu, yote hayo ndani ya miaka 13.

Liko jambo jingine ambalo wasifiaji wa biashara hii hawalitaji, nalo ni majira. Benki Kuu ya Uingereza iliishusha riba yake mpaka 0.5% mnamo Machi 2009, na kwa zaidi ya miaka kumi haikuipandisha kwa kiasi cha maana. Mstaafu aliyekuwa na pauni elfu kumi benki alipata faida isiyofaa hata kununulia viatu, na alipotokea kijana wa mtandaoni akamwahidi 5%, hakuuliza sana. Ilipofika Agosti 2023 riba ya Benki Kuu ilikuwa 5.25%. Aliyeweza kupata kiasi karibu na hicho mahali salama hakuwa na sababu ya kumkopesha mtu asiyemjua. Kwa hivyo sehemu ya kile kilichoitwa uvumbuzi ilikuwa ni bei ya fedha kuwa duni kupita kawaida. Na kwetu, ambako hati fungani za serikali hulipa faida nono na humwezesha hata mtu wa kipato cha kati kushiriki, huyo dalali wa mtandaoni itambidi aahidi faida kubwa zaidi ya hiyo. Na kuahidi hivyo ni kumtoza mkopaji riba ya kumkausha damu, kama wasemavyo mitaani, na mkopaji akubaliye riba ya namna hiyo ama hana pengine pa kwenda ama hana nia ya kulipa.

Sasa niseme kuhusu yale yaliyodumu, maana kukopeshana mtu na mtu si uvumbuzi wa London wala wa San Francisco. Upatu wetu, ambao wengine huuita mchezo, umekuwapo kabla ya wengi wetu kuzaliwa, na akina mama wa Kariakoo na wa Kongowea hawakungoja kompyuta iwafundishe. Kijumbe hukusanya, mwenye zamu hupokea, na asiyetoa hujulikana anakoishi, hujulikana mama yake, na hujulikana shughuli gani itafanyika kwake mwezi ujao na nani hatahudhuria. Vikoba vimekwenda hatua mbele zaidi, vikifuata mtindo ambao shirika la CARE liliuanzisha kwa wanawake wa Niger mwaka 1991: kila mwanakikundi hununua hisa, fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu na funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, mikopo hutolewa mbele ya wote na marejesho huhesabiwa mbele ya wote, na mwisho wa mwaka kikoba huvunjwa na kila mtu huchukua alichovuna. Anayekubali mkopo utolewe ndiye atakayekosa fedha yake usipolipwa. Hakuna mtu katika chumba kile anayelipwa kwa ajili ya kusema ndiyo.

Sitaki kudhaniwa kwamba navipamba. Viko vikoba vilivyovunjika kwa matusi na polisi, viko vijumbe waliohama usiku, na kikundi cha watu 30 wa mtaa mmoja hakiwezi kumkopesha mtu fedha ya kununua lori, kwa sababu wote ni maskini kwa wakati mmoja: mvua ikikosekana imekosekana kwa wote. Hapo ndipo wenye majukwaa wanaposhika hoja yao ya haki, kwamba fedha iliyoko Nairobi haina njia ya kufika kwa mkulima wa Busia anayeihitaji. Hilo nalikubali. Ninachokikataa ni dhana kwamba njia hiyo yaweza kupitwa na fedha peke yake, bila ya mtu wa kuibeba dhamana.

Wala kumweka mkopeshaji abebe hasara yake mwenyewe hakutoshi kuleta uadilifu, na historia ya pwani yatosha kuwa shahidi. Tajiri wa Kihindi wa Unguja, Tharia Topan, aliigharimia misafara ya Tippu Tip kwa mali yake, akijua kwamba msafara ukipotea bara na mali yake imepotea. Alimjua mtu wake vizuri na alihesabu vizuri, na biashara waliyoijenga pamoja ilikuwa ya pembe za ndovu, nayo ilibebwa mabegani mwa watu waliodhulumiwa. Baadaye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalijaa rehani, mpaka serikali ya Himaya ikaona haina budi, mwaka 1934, kutoa amri za kusimamisha madai na kuzuia ardhi isiendelee kuhamia mikononi mwa wadai. Mkopeshaji anayejihadhari na hasara yake mwenyewe aweza kumnyonya mkopaji. Lakini mkopeshaji asiyejua hasara hata kujihadhari hajui, na huyo huwaangusha mkopaji na mwenye akiba pamoja.

Kuna shirika moja la mtandaoni ambalo limepita miaka 20, nalo mizizi yake iko jirani yetu. Kiva, la San Francisco, lilitoa mikopo yake ya kwanza mwaka 2005 kwa wachuuzi wadogo wa Tororo, mashariki ya Uganda. Tazama linavyofanya kazi: anayetoa fedha hapati faida hata senti, ila hurudishiwa alichotoa mkopaji akilipa, karadha njema ambayo mashekhe wetu wangeifurahia, shirika huendeshwa kwa michango, na katika nchi nyingi anayemchagua mkopaji, kumpa fedha na kumfuatia ni taasisi ya mikopo ya pale pale, ambayo mara nyingi imekwisha kumkopesha kabla picha yake haijaonekana Marekani. Kiva limedumu kwa kuwa linaomba ihsani na haliahidi faida. Siwezi kulihesabu kuwa ushahidi wa biashara.

Watetezi wataniletea India, Indonesia na Latvia, na ni haki yao. Huko Indonesia majukwaa ni mengi na yana leseni, lakini sehemu kubwa ya fedha inayopita humo ni ya mabenki, na mwaka 2024 wasimamizi walizifuta leseni za TaniFund na Investree, ambazo ziliwahi kusifiwa mno. Jukwaa la Mintos la Riga, lililoanza mwaka 2015, halikopeshi raia moja kwa moja. Huuza mikopo ya makampuni mengine, na makampuni hayo hutakiwa kubaki na sehemu ya kila mkopo na aghlabu huahidi kuununua tena ukichelewa. Mwaka 2020 baadhi yao walishindwa kuitimiza ahadi hiyo, lakini Mintos imesimama, na naona imesimama kwa sababu ya lile sharti la kubaki na sehemu. India imefuata njia iliyo kinyume na rai yangu, nami naiheshimu kwa unyofu wake: Benki Kuu yake ilitoa kanuni mwaka 2017 na kuzikaza Agosti 2024, ikakataza jukwaa lisibebe hasara ya mkopo kwa namna yoyote, lisiahidi faida, lisimwambie mtu kwamba anaweza kuitoa fedha yake wakati wowote, na ikaliamuru liseme bayana kwamba hasara yote ni ya mkopeshaji. Maneno hayo yaliposemwa bayana, kampuni kadhaa zilisimamisha bidhaa zao. Kilichokuwa kikiwavuta watu ilikuwa ahadi ile iliyokatazwa.

Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyowagawa watoa huduma katika madaraja manne, kuanzia mabenki ya huduma ndogo mpaka vikundi vya kijamii kama vikoba. Na mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila ya leseni. Kenya nayo imewaweka wakopeshaji wa kidijitali chini ya Benki Kuu tangu kanuni za mwaka 2022. Kwa hivyo hatuanzi na utupu kama Uchina. Lakini kanuni zetu hizi, kwa sehemu kubwa, zinamlinda mkopaji asitukanwe, asitozwe kwa siri na asianikwe kwa jamaa zake. Nazo ni kanuni njema, maana mambo hayo yametendeka na yanatendeka. Mkopeshaji mdogo, yule mwalimu wa Iringa, hazijamwangalia vya kutosha, kwa kuwa mpaka leo wakopeshaji wakubwa wa simu, kuanzia M-Shwari ya mwaka 2012, wamekopesha fedha za benki au za wawekezaji wakubwa, na si fedha zilizokopeshwa na raia mmoja mmoja.

Siku majukwaa ya raia kwa raia yatakapokuja kuomba leseni kwa wingi, na nadhani siku hiyo haiko mbali, nashauri Benki Kuu za nchi zetu na Mamlaka za Mitaji zidai sharti moja kabla ya mengine yote: jukwaa litie fedha yake yenyewe katika kila mkopo linaoutangaza, sehemu isiyopungua moja ya kumi, na sehemu hiyo iwe ya kwanza kupotea mkopaji asipolipa. Wenyewe watalalamika kwamba sharti hilo litawalazimisha kuwa na mtaji mkubwa na kuwafanya wafanane na benki. Ndivyo itakavyokuwa, na afadhali wafanane na benki siku ya kuanza kuliko kufanana nayo baada ya miaka 16. Na wewe msomaji, ukiletewa katika simu yako ahadi ya faida kwa kumkopesha mtu usiyemjua, usianze kwa kuuliza ni asilimia ngapi. Uliza mkopaji asipolipa nani atapoteza kwanza, na ukijibiwa kwamba ni wewe peke yako, fedha yako ibakize kwenye kikoba au kwenye hati fungani.